Nusu Iliyotupwa

Anayehamisha mkanda wa VHS wa harusi ya miaka ya 1990 kwenda kwenye kompyuta hukutana mapema na kero moja. Bibi harusi akitulia, picha ni safi. Akigeuka, au mpiga ngoma akiinua mkono, kingo za kila kinachotembea huchanika na kuwa mistari myembamba ya mlalo iliyochomoza kama meno ya kitana. Programu ya kubadilishia video humwekea dawa kadhaa mbele yake: kuzifuma nusu mbili za picha ziwe moja, kuzichanganya, kutupa moja na kubaki na nyingine, au kukisia mistari iliyokosekana kwa kufuatilia mwendo. Wengi huchagua kwa jicho, na dawa inayoondoa meno upesi ndiyo inayopita. Lakini kabla ya kuwa suala la jicho, hili ni suala la historia. Meno hayo hayakutokana na ubovu wa mkanda. Ni alama ya jinsi runinga ilivyorekodi wakati kwa miaka zaidi ya sabini, na anayeyaondoa bila kujua yalitoka wapi huweza kufuta nusu ya kilichorekodiwa pasipo kugundua. Nusu hiyo imekwisha kutupwa mara tatu katika historia ya runinga, na mara zote waliotupa walikuwa na kisingizio cha mashine. Sisi wa leo hatunacho tena.

Chanzo ni tatizo la kupepesa. Katika jumba la sinema filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde, na kasi hiyo ingetosha kumwonyesha mtazamaji mwendo laini, ila mwanga unaowaka na kuzima mara 24 kwa sekunde huchosha macho vibaya. Watu wa sinema walilimaliza hilo kwa kifuniko chenye mabapa mawili au matatu kinachozunguka mbele ya taa, hivyo picha ileile ikamulikwa mara 48 au 72 kwa sekunde. Runinga ya miaka ya 1930 haikuweza kufanya hivyo, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuihifadhi picha ili iionyeshe tena. Mwale wa elektroni ulichora mstari mmojammoja kuanzia juu hadi chini, na fosfori ya kioo ilianza kufifia mara tu mwale ulipopita. Kuongeza kasi mpaka picha kamili 50 kwa sekunde kungeondoa kupepesa, lakini kungedai upana wa masafa mara mbili, na vifaa vya kurusha na kupokea vya wakati ule vilikuwa tayari vinafanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wao.

Suluhisho lilikuwa kuchora mistari kwa kuipishanisha: kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea hadi chini, kisha mwale urudi juu na kuijaza ile iliyorukwa. Kila mpito ni nusu-picha. Kioo kinamulikwa kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo jicho halioni kupepesa, na mistari inayosafirishwa hewani haizidi ile ya picha kamili 25. Ulises Sanabria wa Chicago alikuwa amekwisha kujaribu wazo hilo kwa runinga ya diski, mistari 45 iliyochorwa kwa mipito mitatu. Mwaka 1930 Fritz Schröter wa kampuni ya Telefunken aliliombea hataza nchini Ujerumani kwa ajili ya runinga ya kielektroniki, na Randall Ballard wa RCA akafanya hivyo Marekani mwaka 1932. Uamuzi uliolifanya kuwa desturi ya dunia, hata hivyo, ulitoka London.

Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza huduma yake ya runinga kutoka Alexandra Palace kwa mifumo miwili iliyopokezana zamu. Mfumo wa Baird ulikuwa na mistari 240, picha kamili 25 kwa sekunde, bila mpishano. Mfumo wa Marconi-EMI, kazi ya timu ya Isaac Shoenberg iliyokuwa na Alan Blumlein ndani yake, ulikuwa na mistari 405 iliyopishana, nusu-picha 50 kwa sekunde. Kufikia Februari 1937 shindano lilikuwa limekwisha na Baird alikuwa nje. Kamera ya EMI ilikuwa bora pia, na si haki kuupa mpishano sifa yote, lakini watazamaji waliona tofauti kati ya picha inayopepesa na isiyopepesa, na tangu siku hizo karibu kila taifa lililoanzisha runinga lilifuata njia hiyo kwa muda wa nusu karne. Marekani ilichagua mistari 525 na nusu-picha 60 mwaka 1941, Ulaya ikaja na 625 na nusu-picha 50 baada ya vita. Namba hizo 50 na 60 zinafuata mizunguko ya umeme wa majumbani wa kila upande, maana picha isiyoendana na umeme ilionyesha kivuli kinachotambaa kioo kizima. Hata ugeni wa namba 405, 525 na 625 una sababu: zote ni witiri, na witiri ikigawanywa kwa mbili huacha nusu mstari. Kila nusu-picha ya mfumo wa 405 ina mistari 202 na nusu, na nusu mstari huo ndio unaoisukuma nusu-picha inayofuata ikae katikati ya mistari ya iliyotangulia, pasipo mtambo wowote wa ziada. Wahandisi wale walibana kila senti ya mawimbi, na kazi yao inastahili heshima zaidi ya inayopewa na wale wanaouita mpishano hila mbaya ya zamani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Kamera ya runinga haikupiga picha moja na kuikata vipande viwili. Ilitazama upya kwa kila nusu-picha. Mistari ya witiri iliandika hali ya mambo kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na mistari ya shufwa iliandika hali iliyofuata, mkono wa mpiga ngoma ukiwa umekwisha kusogea. Kwa hiyo mkanda wa video hauna picha 25 kwa sekunde hata kidogo. Una nyakati 50, kila moja ikiwa na nusu ya mistari. Penye utulivu, nyakati mbili zinashikana na kutoa picha yenye mistari yote. Penye mwendo, hazishikani, na ukilazimisha zikae pamoja katika fremu moja unaona meno. Runinga za chogo hazikuonyesha meno kwa sababu hazikuzishika nusu mbili pamoja: ya kwanza ilikuwa imefifia wakati ya pili inachorwa, na jicho liliona nyakati 50 zikifuatana. Kompyuta na runinga bapa huonyesha picha nzima kwa mkupuo, na kwa hiyo mtu fulani au programu fulani lazima iamue nyakati hizo 50 zifanyweje.

Watu wa kwanza kukutana na uamuzi huo hawakuwa na kompyuta. Kabla ya Ampex kuleta mkanda wa video mwaka 1956, njia pekee ya kuhifadhi matangazo ya moja kwa moja ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II tarehe 2 Juni 1953 kulirekodiwa hivyo, na filamu zikapandishwa ndege za kijeshi za Canberra kwenda Kanada ili zionyeshwe huko siku hiyohiyo. Lakini kamera ya filamu huhitaji muda wa kuvuta filamu kutoka fremu moja hadi nyingine, na muda huo runinga haisubiri. Njia moja iliyotumika BBC ilikuwa kupiga nusu-picha moja, kisha kuvuta filamu wakati nusu-picha ya pili inapita bila kuonwa. Nyakati 50 zikawa 25, na mistari ikapungua kwa nusu pia. Baadaye walitumia kioo chenye fosfori inayokawia kufifia, nusu-picha ya kwanza ikabaki imewaka hadi ya pili ikamilike, na filamu ikazipata zote mbili katika fremu moja. Mistari ikarudi. Wakati haukurudi, kwa sababu nyakati mbili sasa zilikuwa zimebanwa pamoja. Ukitazama kwa makini, njia ya kwanza ni ileile ambayo programu za leo huiita kutupa nusu-picha, na ya pili ni mama wa kuzifuma na kuzichanganya. Majina yamebadilika, hasara ni ileile.

Ukubwa wa hasara hiyo ulijulikana pale watu walipojaribu kuirudisha. BBC ilifuta mikanda mingi ya miaka ya 1960 ili itumike tena, na vipindi kadhaa vikabaki tu kama nakala za filamu ya milimita 16 zilizouzwa ng'ambo. Vipindi vya mfululizo wa Doctor Who vilivyotangazwa kupatikana mwaka 2013 vilikuwa vimekaa miaka na miaka Jos, Nigeria, kwa namna hiyo. Katika nakala kama hizi waigizaji husogea kwa kukatika kidogo kama watu wa sinema, ilhali watazamaji wa siku ya kwanza waliwaona wakisogea kwa ulaini wa studio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Peter Finklestone alibuni utaratibu ulioitwa VidFIRE: kompyuta hupima kila kitu kimesogea kiasi gani kati ya fremu moja ya filamu na inayofuata, huunda picha ya katikati, kisha huzipanga upya kuwa nusu-picha 50. Matokeo yaliwashangaza waliozoea nakala za filamu, kwa sababu kipindi cha zamani kilionekana tena kana kwamba kinatoka studio. Lakini kila picha ya pili katika kazi hiyo ni makisio. Ile halisi ilipita mbele ya kamera ya filamu ikiwa imefunga jicho, na hakuna hesabu itakayoipata. Fikiria juhudi hizo zote za kutengeneza kwa kukisia kitu ambacho mkanda wa VHS uliopo kabatini unacho tayari, kisha mwenye mkanda anakitupa kwa kubofya kitufe.

Hesabu za kukisia zenyewe zilizaliwa kutokana na haja nyingine, nayo ni kupeleka matangazo kati ya upande wa nusu-picha 60 na upande wa 50. Kwa Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 BBC ilitumia mtambo uliohifadhi nusu-picha nzima ndani ya vipande vya kwatsi ili kuibadilisha kutoka mistari 525 kwenda 625. Mwaka 1972 shirika la IBA la Uingereza lilionyesha mtambo wa kidijitali wa kazi hiyo, DICE. Kila mtambo wa aina hii ulilazimika kujibu swali moja: mstari ambao haupo katika nusu-picha hii uutoe wapi? Ukiutoa kwa majirani wa juu na wa chini ndani ya nusu-picha ileile, mwendo unakuwa sahihi lakini picha tulivu inapoteza ukali na mistari myembamba inatetemeka. Ukiutoa kwa nusu-picha iliyotangulia, picha tulivu inakuwa kamili na mwendo unaota meno. Martin Weston wa idara ya utafiti ya BBC alitafuta njia ya kati: undani mkubwa wa picha utoke ndani ya nusu-picha yenyewe, na undani mdogo, ule wa mistari myembamba, uazimwe kwa nusu-picha za kabla na za baada. Wengine wakafanya mtambo upime kwanza kama sehemu fulani ya picha inatembea, kisha uchague chanzo kwa kila sehemu. Philips, kwa kazi ya Gerard de Haan, ilifika mbali zaidi na kufuatilia kila kipande kimeelekea wapi ili mstari uliokosekana uchukuliwe kutoka mahali kilipokuwa, na mwaka 1998 de Haan na Bellers walichapisha mapitio ya njia hizi zote ambayo bado ni msingi wa somo. Marekani nako Yves Faroudja alijenga jina kwa vifaa vya kujaza mistari majumbani kwa matajiri wenye vioo vikubwa. Karibu kila kitu kinachofanywa leo na programu za bure kilikwisha kufikiriwa na watu hawa. Kichujio cha yadif cha Michael Niedermayer, kilichotoka mwaka 2006, ni mfano wa kupima mwendo kwa gharama ndogo. Bwdif kimeunganisha yadif na hesabu za Weston. QTGMC ni kizazi cha kufuatilia mwendo, kizito kwa prosesa lakini chenye picha tulivu kuliko vyote.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati maarifa haya yanafikia kilele, soko lilikuwa likielekea kinyume. Diski za VCD zilizoenea Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika miaka ya 2000 zilitumia mgandamizo wa MPEG-1, ambao haujui nusu-picha ni nini. Upande wa PAL, ule wa mistari 625 na nusu-picha 50, kiwango cha VCD ni mistari 288 kwa picha 25, yaani nusu-picha moja imebaki na ya pili imetupwa, kama kamera ya filamu ya BBC ilivyofanya nusu karne kabla. Taarabu, kwaya, harusi, mechi za mtaani na filamu za Kibongo zilizopigwa kwa kamera za video zilipita katika mlango huo. Wasambazaji hawana lawama, kwa kuwa VCD ilikuwa rahisi na deki zake zilikuwa zimeenea. Lakini mara nyingi nakala hiyo ndogo ndiyo iliyobaki baada ya mikanda ya asili kuandikwa juu au kuota ukungu. Kisha ikaja mara ya tatu, tovuti za video. YouTube ilianza mwaka 2005 na haikupokea picha zaidi ya 30 kwa sekunde mpaka mwaka 2014. Waliopandisha video zao kabla ya hapo hawakuwa na la kufanya ila kupunguza nyakati 50 ziwe 25, na kwa kuwa miongozo mingi ya kubadilisha video iliandikwa katika miaka hiyo, ushauri wake unaendelea kufuatwa ingawa kikwazo kimekwisha kuondoka.

Mali inayohusika hapa si ndogo. Kenya ilianza runinga mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar ikaanza kwa rangi katika miaka ya 1970 kabla ya majirani zake wengi, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake binafsi mwaka 1994. Kongo na Burundi zilichukua mfumo wa rangi wa Kifaransa, SECAM, wengine PAL, lakini tofauti hiyo ni ya rangi peke yake. Wote walitumia mistari 625 na nusu-picha 50. Kwa maneno mengine, karibu kila kilichorekodiwa kwa video katika ukanda huu hadi kuja kwa kamera za kidijitali za picha kamili kiko katika nyakati 50 kwa sekunde. Mchezaji wa ngoma, mpiga udi, mchezaji wa mpira, wote ni mwendo. Kuwahifadhi kwa nusu ya mwendo wao ni kuhifadhi kitu kilichopungua mahali hasa kinapopaswa kuwa kamili.

Kanuni inayotokana na historia hii ni kuuliza kwanza picha ilizaliwa wapi. Kama ilizaliwa kwenye kamera ya video ya kawaida, kila nusu-picha ipanuliwe iwe picha kamili, na zoezi litoe picha 50 kwa sekunde. Kama ilizaliwa kwenye filamu, jibu ni jingine kabisa. Upande wa PAL filamu ya picha 24 huharakishwa kidogo hadi 25, na kila fremu hutoa nusu-picha mbili za wakati mmoja. Hapo kuzifuma tu kunarudisha fremu ya asili bila kukisia hata mstari mmoja, na kutumia kichujio cha kupima mwendo ni kuharibu picha iliyokuwa nzima. Kuna mtego katikati: wakati mwingine mhamishaji wa filamu alikosea kwa nusu-picha moja, na kila fremu ikabeba nusu ya fremu hii na nusu ya inayofuata. Meno yanaonekana kama ya video, lakini tiba yake ni kuzioanisha upya nusu zilizoachana. Njia ya kutambua ni kupitisha nusu-picha mojamoja na kutazama kitu kinachotembea. Kikisogea kila hatua, ni video. Kikisogea hatua moja na kusimama moja, ni filamu. Uchunguzi huo huchukua dakika chache, na unaamua zaidi ya jina la kichujio chochote. Unafichua pia kosa la mpangilio, kwa kuwa mikanda ya DV huanza na mistari ya chini na vyanzo vingine vingi vya PAL huanza na ya juu. Mpangilio ukigeuzwa, kila kitu husogea mbele na kurudi nyuma kwa kutetemeka. Na kosa lisilotibika kabisa ni kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuondoa mpishano. Hapo meno huyeyuka ndani ya picha, mistari ya nyakati mbili ikachanganyika, na hakuna programu itakayoitenganisha.

Wapo wanaopinga kwamba picha 50 kwa sekunde zina sura ya taarifa ya habari, na kwamba 25 zina heshima ya sinema. Ladha hiyo ipo na ina mizizi, kwa sababu vizazi kadhaa vimezoea kuihusisha sinema na gharama na video na urahisi. Lakini anayehamisha mkanda wa harusi au wa bunge hatengenezi sinema. Aliyepiga mkanda ule alisogeza kamera akijua itaonekana kwa ulaini wa nyakati 50. Kamera ya mkononi iliyogeuzwa upesi hukatikakatika vibaya inapobakiwa na 25. Mhariri wa filamu mpya anayetaka kipande cha zamani kifanane na kazi yake anaweza kupunguza katika nakala yake ya kazi. Kupunguza hufanyika siku yoyote. Kurudisha, kama VidFIRE ilivyoonyesha, hakufanyiki.

Pingamizi zito zaidi ni la watunza kumbukumbu: kila picha kati ya hizo 50 ina nusu ya mistari iliyokisiwa, je, huo si uongo katika hati ya kihistoria? Swali ni la haki, lakini linasahau kwamba hakuna njia isiyogusa ukweli mahali fulani. Kuzifuma kunadai kwamba nyakati mbili zilikuwa moja. Kuzichanganya ni kubaya kuliko zote, kwa kuwa kunatoa picha yenye vivuli viwili ambayo haikuwahi kuonekana na mtu yeyote, si kwenye studio wala kioo cha nyumbani, na hakuachi mstari hata mmoja ulivyokuwa. Kutupa nusu kunakisia mistari ileile na bado kunapoteza nusu ya nyakati. Kupanua kila nusu-picha walau kunaacha kila mstari wa asili mahali pake na kwa wakati wake. Vichujio vya tabia ya yadif huiacha mistari hiyo bila kuigusa, kiasi kwamba mtu akiipata picha kabla haijabanwa anaweza kuzikusanya nusu-picha za asili kutoka humo. QTGMC, kwa kawaida yake, husawazisha hata mistari ya asili ili picha itulie. Ni nzuri kwa kutazama, na kwa kazi ya ushahidi njia ya kwanza ni ya kuaminika zaidi. Wahandisi wa kompyuta waliopigania kuondolewa kwa mpishano katika runinga ya kidijitali ya Marekani walikuwa na hoja ya namna hii pia, kwamba mpishano huchanganya mahali na wakati hata visitenganike kwa usafi. Mamlaka ya mawasiliano ya huko iliamua Desemba 1996 kutolazimisha muundo wowote wa picha. Shirika la runinga la ABC likaenda na mistari 720 kamili, wenzake CBS na NBC wakabaki na 1080 iliyopishana, na viwango vya runinga ya 4K vilivyofuata vikauacha mpishano kabisa. Hoja yao ni sahihi kwa kamera inayonunuliwa leo. Kwa mkanda uliokwisha kurekodiwa haibadilishi chochote.

Jibu kamili kwa watunza kumbukumbu ni kwamba nakala ya kutazamwa isichukue nafasi ya mkanda wala ya faili la kwanza lenye mpishano wake. Historia ya safari ya mwezini imeonyesha gharama ya kulisahau hilo. Julai 1969 kamera ya Apollo 11 ilituma picha kamili 10 kwa sekunde zenye mistari 320, na vituo vya ardhini vikazigeuza kuwa nusu-picha 60 za mfumo wa Marekani kwa kuelekeza kamera ya runinga kwenye kioo na kurudiarudia nusu-picha kutoka kwenye diski ya sumaku. Dunia iliona picha zilizofifia kuliko zile walizoziona mafundi wachache ndani ya vituo. Mikanda ya awali haikupatikana tena. Uchunguzi wa NASA mwaka 2009 ulifikia kwamba huenda ilifutwa na kutumiwa upya, na urekebishaji uliofanywa mwaka huohuo ulilazimika kuanzia kwenye nakala za matangazo. Katika mfano huo mpishano uliongezwa mahali usipokuwepo, kinyume cha kazi yetu, lakini kosa ni moja: nakala iliyobadilishwa iliaminiwa, na chanzo kikachukuliwa kuwa mzigo. Saa moja ya mkanda wa DV ikihamishwa bila kuguswa ni takriban gigabaiti 13. Kadi ndogo ya simu hubeba mikanda kadhaa ya namna hiyo.

Kazi ngumu inayobaki ni ya mikanda iliyochanganyika. Vipindi vya zamani vilipiga studio kwa video na nje kwa filamu ya milimita 16, kisha vikaunganisha vyote katika mkanda mmoja; taarifa za habari zilibandika vipande vya filamu kati ya mtangazaji na mtangazaji; harusi huwa na jina la bwana na bibi harusi linalotambaa kwa mwendo wa video juu ya picha mnato. Hakuna kichujio kimoja kinachotenda haki kwa mkanda wa aina hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inabidi mtu aupitie, aweke alama mahali filamu inapoanza na inapoishia, azifume nusu zake hapo, apanue nusu-picha katika sehemu za video, kisha atoe vyote kwa picha 50, fremu za filamu zikirudiwa mara mbili kila moja. Ni kazi ya siku nzima kwa saa moja ya picha, na vituo vyenye maghala ya mikanda vitahitaji watu waliofundishwa kuifanya kabla deki za mwisho za kusomea mikanda hiyo hazijakosa vipuri.